Biwi Lisubiri

Kabla jua halijachomoza, barabara za Unguja ni za wapanda baiskeli. Muuza boflo ameshafunga sanduku lake nyuma. Muuza maziwa amening'iniza madumu kulia na kushoto ya keria. Mchuuzi wa samaki anateremkia diko la Malindi na tenga tupu lililobanwa kwa mipira ya tyubu, mkata majani ya ng'ombe yumo njiani na mundu wake, mlinzi wa hoteli anarudi kwake na usingizi machoni, na kutoka Fuoni, Mwera na Bububu wanamiminika mafundi na vibarua wa ujenzi. Hawa ndio wanaoiamsha Unguja. Ukinyanyuka kitandani ukakuta mkate wa moto dukani, jua kuna mtu ameshakanyaga pedeli maili kadhaa kwa ajili yako.

Saa hizo hizo, ndani ya ua, mtu mwingine anafagia. Majani ya mwembe, makumbi, maganda ya ndizi, mifuko, chupa za maji, nepi za mtoto, vyote vinasukumwa hadi pembeni mwa barabara vikawa biwi. Biwi linatiwa kiberiti, na mwenye nyumba anarudi ndani kunywa chai. Moshi haumfuati. Unashuka barabarani na kulala juu ya lami, kwa kimo cha kifua cha mtu aliyekaa kwenye tandiko la baiskeli.

Wito huu ni wa watu hao wawili, ambao mara nyingi ni majirani, na pengine ni ndugu wa tumbo moja. Nitasema zaidi na mwenye kiberiti, kwa kuwa yeye ndiye mwenye uwezo wa kuumaliza mkasa wenyewe.

Kwanza habari njema. Mwezi Juni 2023 watu wa New York walishuhudia mbingu yao ikigeuka rangi ya chungwa mchana kweupe. Moshi ulitoka kwenye misitu ya Kanada iliyokuwa ikiungua mamia ya kilomita mbali nao, na hapakuwa na la kufanya ila kufunga madirisha na kungoja upepo ugeuke. Bara kwetu, Oktoba 2020, moto uliunguza sehemu za Mlima Kilimanjaro kwa siku kadhaa, na kila kiangazi, tangu Juni hadi Oktoba, nyasi za mikoa mingi zinawaka. Basi mtu wa Unguja anayetafuta wa kumlaumu angependa kuelekeza kidole ng'ambo ya bahari. Upepo unamkatalia. Kusi inatujia kutoka bahari ya kusini, na kaskazi inateremka na pwani ya Somalia kama ilivyokuwa ikiteremka na majahazi ya Waarabu karne na karne. Pepo hizo mbili, zinazotawala sehemu kubwa ya mwaka wetu, hufika kisiwani zikiwa zimetembea juu ya maji. Zinaleta chumvi na unyevu. Masizi tunayatia wenyewe.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Mimi naliita jambo hili habari njema kwa sababu mtu wa New York hakuweza kuuzima moto wa Kanada, lakini mtu wa Mwanakwerekwe anaweza kuuzima moto wa Mwanakwerekwe kwa ndoo moja ya maji. Bora zaidi, anaweza asiuwashe.

Wengi wanaochoma alfajiri wanaamini wanafanya hisani. Hapana watu wengi, upepo umetulia, moto hautaruka paa la jirani, na ua utakuwa safi kabla wageni hawajaamka. Kwa moto, hesabu hiyo ni sahihi. Kwa moshi ni kinyume chake kabisa. Usiku ardhi inapoa, na hewa iliyoigusa inapoa nayo ikawa nzito, huku hewa ya juu yake ikibaki na joto. Moshi wa biwi ukipanda kidogo unakosa pa kwendea, unarudi na kusambaa chini, unaingia vichochoroni na kukaa. Jua likishapanda, ardhi hupata joto, hewa huanza kunyanyuka, na ikifika saa nne hivi upepo wa bahari umeshaingia. Biwi lilelile, na makumbi yaleyale, likiwashwa saa hiyo moshi wake huchukuliwa juu na kutawanyika. Jioni mambo yanarudi kama alfajiri. Upepo unalegea, magharibi inaingia, na watu wanawasha makumbi kufukuza mbu. Kwa hiyo tumezichagua, bila kujua, saa mbili mbaya kuliko zote za siku, na ndizo saa ambazo wapanda baiskeli wengi wako barabarani.

Na mpanda baiskeli havuti hewa kama mtu mwingine. Aliyekaa barazani anavuta lita sita hadi nane kwa dakika. Mpakie tenga la samaki nyuma, mpe mwinuko na upepo wa mbele, naye anaweza kuvuta zaidi ya lita 40. Tena anavuta kwa mdomo, na ile pua ambayo Mola ameiumba na vinyweleo vya kuchuja vumbi inaachwa nje ya kazi. Hivyo watu wawili wakipita kwenye moshi mmoja, wa baiskeli anabeba kifuani fungu kubwa mara kadhaa kuliko wa garini, ilhali wa garini ndiye aliyefunga kioo.

Chembe ambazo madaktari wanaziogopa zaidi ni zile zisizozidi mikroni 2.5 kwa upana. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi, kwa hiyo usitegemee kuziona. Zinapita koo, zinapita mirija, zinafika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo maana madhara ya moshi hayaishii kwenye macho kuwasha, kikohozi na pumu. Maradhi ya moyo na kiharusi nayo yamo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha viwango vyake likasema chembe hizi zisizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa siku, na 5 kwa wastani wa mwaka. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa hewa chafu, ya nje na ya majumbani, inaua watu milioni 7 hivi duniani kila mwaka.

Sisi ni watu wa moshi, sikatai. Harusi isiyonukia udi si harusi, na msiba una ubani wake. Lakini chetezo kina kipimo: makaa mawili matatu na kipande cha udi kama ukucha. Sijapata kusikia nyumba inayofukiza nepi.

Uchafu wa mjini ni kesi ya zamani. David Livingstone, alipokuwa Unguja mwaka 1866, aliandika kwa kuchukizwa na uvundo wa taka zilizotupwa ufukweni. Wazee wetu wa shamba wao walichoma, na kwao haikuwa balaa, kwa kuwa biwi la babu lilikuwa majani matupu na jirani yake alikuwa mbali. Leo mambo mawili yamebadilika. Sensa ya 2002 ilihesabu Wazanzibari 981,754. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773, karibu maradufu katika miaka 20, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo imejenga kandokando ya barabara zinazoingia mjini. Mashamba ya mikarafuu na minazi ya Fuoni na Mwera yamekuwa mitaa. Jirani wa babu aliyekuwa kelele moja mbali sasa ana dirisha linalotazama ukuta wako.

Badiliko la pili ni plastiki. Majani yakiungua yanatoa moshi mbaya. Plastiki ikiungua inatoa sumu. Plastiki zenye klorini, kama vile mabomba na vipande vya waya za umeme, zikichomwa kwenye moto dhaifu wa biwi, zinazalisha dayoksini, sumu isiyooza upesi. Inatua juu ya majani. Majani yanaliwa na ng'ombe. Dayoksini hukaa kwenye mafuta ya mnyama na kutoka na maziwa, na Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 90 ya dayoksini inayowaingia binadamu inapita kwenye chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Basi mfikirie yule mkata majani wa alfajiri anayefyeka pembeni mwa barabara, sentimita chache kutoka kwenye jivu la biwi lako la jana, na yule muuza maziwa anayepita nyumba kwa nyumba. Ulichokichoma kinarudi mlangoni kwako kwenye dumu, na unakilipia.

Nasema hivi nikijua jibu. Watu wanachoma kwa sababu gari la taka halijapita. Ni kweli, na mabaraza ya manispaa hayawezi kumwambia mwananchi asichome huku taka zake zikioza mlangoni wiki nzima. Kisiwa kina jaa lake Kibele, Wilaya ya Kati, na kazi ya kuzifikisha taka huko ni ya mabaraza. Hiyo haina mjadala. Lakini tuzitazame taka zenyewe kabla ya kuzipakia. Biwi la nyumba ya kawaida limejaa majani, maganda na mabaki ya chakula, na hayo hayahitaji gari. Yanahitaji shimo chini ya mgomba. Baada ya miezi michache ni mbolea, na mgomba utasema wenyewe. Makumbi ndiyo yananiuma zaidi. Bibi zetu wa pwani ya mashariki na kusini waliyafukia kwenye mchanga wa pwani, wakayaponda, wakapata usumba wa kusuka kamba, na wapo wanaoendelea na kazi hiyo hadi leo. Sisi tunayatia moto ili kufukuza mbu ambao chandarua kingewazuia bila moshi. Ukishaondoa majani, maganda na makumbi, kinachobaki cha kulisubiri gari ni mfuko mmoja mdogo, na mfuko mdogo unasubirika.

Asiniambie mtu kwamba Wazanzibari hawabadiliki. Mwaka 2006 Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na Bara ikafuata mwaka 2019. Tulilalamika, kisha tukarudi kwenye vikapu.

Mfano mwingine ninaoupenda zaidi, kwa kuwa unahusu moshi wenyewe, ni ule wa kiza kikuu. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja nzima ilikosa umeme wa gridi baada ya hitilafu ya waya unaotuunganisha na Bara. Kila duka la Mji Mkongwe lililojiweza likanunua jenereta, ikawekwa barazani au mlangoni. Vichochoro vile vyembamba, na kuta ndefu za pande mbili, vikajaa moshi na kelele. Aliyepita kwa baiskeli kutoka Mkunazini kwenda Malindi alifika akinuka petroli. Umeme ukarudi, na mwaka 2013 waya mpya wa chini ya bahari, wenye uwezo wa megawati 100, ulianza kazi kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na moshi wa jenereta ukapungua wenyewe. Hapakuhitajika hotuba. Kilichosababisha moshi kilipoondoka, moshi ulikwenda nacho.

Sasa twende shamba. Ukitoka Tunguu ukaendelea kusini na mashariki unaingia maweni, ambako udongo ni kiganja kimoja juu ya jiwe. Mkulima wa huko anafyeka kichaka, anakiacha kikauke, anakichoma kabla ya mvua za masika au vuli, kisha anapanda mtama, kunde, mihogo na pilipili kwenye mianya ya mawe. Simtukani. Jivu ndilo mbolea yake, na hakuna aliyemletea nyingine. Ila moto wa maweni ukipata upepo hauna adabu. Unaacha konde la mtu unaingia msituni, na msitu wa karibu unaweza kuwa ule wa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, yenye kima punju ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Zanzibar. Barabara ya Pete na Kitogani inapita hapo hapo. Moshi ukiikata, mwenye baiskeli hamwoni dereva wa daladala, na dereva hamwoni mwenye baiskeli, ambaye ndiye asiye na bati la kumkinga.

Watu wa Makunduchi wana elimu ya jambo hili ambayo sote tungejifunza. Katika Mwaka Kogwa, kila Julai, kibanda cha makuti kinatiwa moto, na wajuzi wa mila hutazama moshi unaelekea wapi ili waitabirie hali ya mwaka mpya. Utabiri nawaachia wenyewe. Ninachokisifu ni kwamba moto ule una siku yake, una mahali pake, una wasimamizi, kijiji kizima kina habari, na kuna mtu ambaye kazi yake ni kutazama moshi unamwendea nani. Mwenye konde akifanya nusu ya hayo, tutashukuru. Ampe habari sheha siku mbili tatu kabla. Itangazwe msikitini baada ya sala na kwenye kundi la simu la shehia, ili mwanafunzi wa skuli apite njia nyingine na mwenye pumu abaki nyumbani. Akate njia ya moto kuzunguka konde, aite wenzake wenye matawi mabichi na madumu ya maji, awashe saa nne jua limeshapanda na siyo magharibi, na asiondoke hadi jivu limepoa.

Liko na tanuu la chokaa, na hapa maneno yanakuwa mazito, kwa sababu chokaa ndiyo nyama ya Mji Mkongwe. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza taratibu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Nani basi atasema tusichome chokaa? Mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 hauwezi kukarabatiwa bila hiyo. Lakini chokaa yetu inapatikana kwa kupanga magogo, kurundika mawe juu yake na kuyaacha yaungue, na magogo yakiwa mabichi moshi wake mweupe unafunika kijiji. Yaani tunauponya mji kwa kukisonga kifua cha shamba. Sitaki kazi hiyo ife. Nataka anayenunua chokaa kwa ajili ya majumba yale, wakiwemo wafadhili na mamlaka inayousimamia Mji Mkongwe, amuulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: magogo yalikuwa makavu, na tanuu liko umbali gani na barabara na nyumba za watu? Akilipa kidogo zaidi kwa tanuu lililokaa mbali na lililokaushiwa kuni, wachomaji watajipanga wenyewe.

Mkaa nausemea kwa ufupi. Tanuu la mkaa linafuka siku nyingi, na mkaa ukishafika mjini unafuka tena jikoni. Mei 2024 Serikali ya Muungano ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikishia asilimia 80 ya Watanzania nishati hiyo ifikapo 2034. Rais aliyeuzindua ni mtoto wa Makunduchi. Tumkumbushe ahadi hiyo kwa heshima, kila mwaka.

Kinachokosekana kwetu ni macho. Moshi unaouona ni sehemu ya tatizo, na chembe zenyewe hazionekani. Kampala wameanza kuziona: tangu 2015 mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukitengeneza vipima hewa vya bei nafuu, ukavitundika juu ya majumba na hata kwenye bodaboda, na leo vimo katika miji mingi ya Afrika. Zanzibar tuna Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, chenye vijana wanaotafuta kazi za utafiti. Tuna pia mamlaka ya usimamizi wa mazingira, ZEMA, iliyoundwa chini ya Sheria Namba 3 ya 2015. Wakikaa meza moja, vipima vichache vikatundikwa Darajani, Mwanakwerekwe, Mwera na kwenye skuli mojawapo ya Kusini, tutajua saa gani ya siku inaua na mtaa upi unazidi. Mwenye baiskeli angeangalia simu yake kabla ya kutoka, kama mvuvi anavyouliza hali ya bahari.

Nakuja kwako sasa, mwenye baiskeli, kwa kuwa hekima haitafika mitaa yote kwa pamoja, na kesho asubuhi utakuwa barabarani vilevile.

Usiiache baiskeli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipiga hesabu mwaka 2016, wakaonyesha kwamba karibu katika miji yote faida ya mazoezi inashinda hasara ya hewa chafu unayoivuta ukiendesha. Tatizo ni ule moshi mzito wa mahali pamoja, unaokupiga usoni ghafla. Ukiuona umekata barabara mbele, nafsi inakutuma ukanyage kwa nguvu upite haraka. Hapo ndipo unapojijaza. Shuka, tazama majani ya minazi yanaelekea wapi, sogea upande unakotoka upepo, kisha upite kwa mwendo wa kawaida, mdomo umefungwa. Kama kuna njia ya ndani, ichukue. Kama kazi yako inaruhusu kutoka nusu saa baadaye, toka baadaye. Muuza boflo najua hawezi, na ndiyo maana mzigo mkubwa wa wito huu nimemtwisha mwenye biwi.

Leso uliyoilowesha ukajifunga mdomoni inazuia jivu na vumbi, ila chembe ndogo zinapita ndani yake kama hakuna kitu. Barakoa ya kitambaa ni hivyo hivyo. Zile za N95 zinazuia nyingi zikikaa vizuri usoni, na kwa mwenye pumu au anayepita jirani na tanuu kila siku zina thamani yake, ingawa kukanyaga pedeli nazo katika joto la Februari kunataka moyo. Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta mfukoni. Kifua kikibana, kikitoa mluzi, kichwa kikizunguka, simama, toka kwenye moshi, kaa. Usipopata nafuu upesi nenda kituo cha afya, na samaki wasubiri. Taa ya nyuma na kengele usizione kuwa mapambo ya watalii: ndani ya moshi wa alfajiri ndizo zinazomwambia dereva kwamba upo. Na usikae nyuma ya gari linalotoa moshi mweusi ukingoja nafasi. Mwache atangulie, dakika moja haitaharibu maziwa.

Jambo moja zaidi kwako, na hili ni gumu kuliko yote. Unapopita penye biwi, usipite na kunung'unika. Simama, piga hodi, mwamkie mwenye nyumba. “Shikamoo bibi, moshi wako umetufikia barabarani, nasi tunapumua kwa shida.” Mara nyingi atastaajabu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Tangu chuoni tumefundishwa kwamba kuondoa kero njiani ni sehemu ya imani, na wengi wetu tukalielewa fundisho hilo kuwa ni la mwiba na jiwe tu. Bibi huyo amelisoma pia. Hatakufukuza.

Nawe mwenye biwi, ninachokuomba ni kidogo. Majani yaende mgombani. Plastiki usiichome kabisa, saa yoyote, kwa sababu yoyote. Na kama kuna kitu ambacho huna budi kukichoma, biwi lisubiri hadi saa nne, wanafunzi wameshaingia darasani na upepo umeshaingia kisiwani. Mwenye hoteli unayemtuma mfanyakazi nyuma ya ukuta na galoni la mafuta ya taa, wewe pia umo. Ukuta wako haufiki mbinguni, na wapishi wako wanakuja kazini kwa baiskeli.

Kila shehia ina sheha, na mlango wake unajulikana. Mwendeeni wiki hii, mpanda baiskeli na jirani mwenye biwi, mwende pamoja, mumwombe aitishe kikao kabla ya mvua zijazo. Kikao hicho kikubaliane saa za moto, mahali pa kuweka mifuko ya taka, na siku ya gari la manispaa kupita, na makubaliano yabandikwe dukani na msikitini.